Kache ya mazabodi: enzi ya chipu za kuchomeka kwa mkono

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Baiyun, mjini Guangzhou, mkoani Guangdong, hufuata nguo, mikoba na vipuri. Lakini mkoa huohuo una historia nyingine inayostahili kusimuliwa. Huko, hasa Dongguan, viwanda vya Wataiwani viliunganisha mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, katika miaka ya 1990, na huko pia mazabodi nyingi zilirudi zikiwa taka. Mazabodi hizo zilimpa mwenye kompyuta uwezo ambao leo hana: kuiongezea kache kwa mkono wake.

Kache ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa, iliyo kati ya prosesa na ramu. Ni kama muuza duka anayeweka juu ya kaunta bidhaa zinazotoka sana, asilazimike kwenda stoo kila mara. Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliliandika wazo hilo mwaka 1965, na mwaka 1968 IBM ikatangaza System/360 Model 85, kompyuta ya kwanza ya kibiashara yenye kache.

Kompyuta za mezani zilifikiwa baadaye. Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 haikuwa na kache ndani yake, hivyo waunda mazabodi wakaiweka nje. Ile ya 80486, ya mwaka 1989, ilikuja na kilobaiti 8 tu, na kache ya nje ikaendelea kuhitajika. Sababu ni kasi: ramu ya wakati huo ilijibu kwa nanosekunde 60 au 70, ilhali chipu za kache zilijibu kwa 15 au 20.

Mazabodi nyingi za 486 ziliuzwa zikiwa na soketi tupu. Aliyekuwa na kilobaiti 128 katika chipu nne aliongeza nne nyingine zinazofanana nazo, akapata 256. Chipu ya tisa, iitwayo tagi, hutunza anwani za data iliyomo. Kisha jampa, yaani vifuniko vidogo vinavyounganisha pini, zilihamishwa kufuata jedwali la kitabu cha mazabodi. Chipu iliyochomekwa kinyume iliweza kuungua, na jampa moja isiyo mahali pake ilitosha kuzuia mashine isiwake.

Tagi ndiyo iliyowasumbua wengi. Kache ya kilobaiti 256 yenye tagi ya biti 8 haiwezi kuhudumia zaidi ya megabaiti 64 za ramu. Aliyeongeza ramu kupita hapo aliona kompyuta ikizidi kuwa nzito, kwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ilibaki bila kache. Ongezeko la chipu lilihitaji hesabu.

Faida ikavuta udanganyifu. Katikati ya miaka ya 1990 zilienea mazabodi za bei rahisi zenye chipu za plastiki tupu, huku programu ya kuwashia ikitangaza kwamba kache ipo. Aliyepima kasi ya kumbukumbu ndiye aliyegundua ukweli.

Enzi hiyo ilifungwa haraka. Pentium Pro ya mwaka 1995 iliweka kache ya pili, ile iliyokuwa nje, ndani ya kifurushi cha prosesa, na mwaka 1998 Celeron 300A ikaiweka kwenye chipu yenyewe. Kasi ikapanda, na soketi za kache zikatoweka.

Mazabodi zilizostaafu zilisafirishwa kwa wingi hadi Guiyu, mji mwingine wa Guangdong. Ripoti ya Februari 2002 ya shirika la Basel Action Network na wenzake ilionyesha wafanyakazi wakizipasha moto ili risasi iyeyuke, wachomoe chipu za kuuzwa upya, huku wakivuta moshi wenye sumu. Bei hiyo ya afya isisahauliwe na yeyote anayenunua chipu kuukuu.

Nasi historia hii inatuhusu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na baada ya masharti kulegezwa, vizazi vya 386 na 486 vilikuwa miongoni mwa vilivyoingia. Mashine za aina hiyo zikiwapo bado katika stoo za ofisi na shule, zisitupwe. Ondoeni kwanza betri ya mazabodi, maana ikivuja hula njia za shaba. Kisha zipelekeni vyuo vya ufundi: mwanafunzi akizichomeka chipu za kache mwenyewe na kupima tofauti, ataielewa kompyuta kuliko kwa kuisoma kitabuni peke yake.