Ziwa la Mwari

Wengi hudhani kwamba mama wa miaka 16 humlikiza mtoto mapema kwa utoto wake na kwa kutojua. Mimi naona historia yatuonyesha jingine: ziwa la msichana limetawaliwa na watu wengine kuliko yeye mwenyewe.

Tutazame kwanza desturi ya pwani. Mwari alivunja ungo, akafundwa na somo yake, akaozwa. Na alipojifungua alikaa mikononi mwa mama yake hata arobaini ikatimia. Mtoto alinyonyeshwa mbele ya macho ya wakubwa, na muda uliojulikana ni ule wa dini, miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza. Sisemi kwamba hali ile ilikuwa njema, maana uzazi wa utotoni uliwaangamiza wengi. Nasema tu kwamba mwari hakunyonyesha peke yake. Hata makosa hayakuwa yake: palikuwa na wazee waliokamua dang'a na kulimwaga, wakilidhani uchafu, na yeye hakuwa na kauli.

Kisha ikaja shule. Huko Tanzania bara msichana aliyeshika mimba alifukuzwa kwa miaka mingi, na mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi katika shule za serikali. Yamkini mtu atasema kwamba aliyefukuzwa alipata angalau nafasi ya kunyonyesha. Wapi! Aliyekataliwa na baba wa mtoto, na pengine na babaye mwenyewe, alikwenda kuuza maandazi au kutumika nyumbani mwa watu mjini, na mtoto akabaki kijijini kwa bibi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mama saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini muuza maandazi atamdai nani saa hizo?

Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilifungua mlango wa shule. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikwisha zaa au walikuwa na mimba. Basi jambo hili si dogo. Waganga wanataka miezi sita ya maziwa ya mama matupu. Lakini kengele hulia asubuhi, na mwanafunzi hurudi alasiri, blauzi imelowa kifuani. Mtoto wa miezi mitatu amekwisha kunyweshwa uji na bibi yake.