Habari za Kilwa: matoleo yake na jinsi yalivyohakikiwa

Habari za Kilwa ni jina la jumla la maandishi na masimulizi yanayoeleza kuanzishwa kwa mji wa Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi wa leo, na kuwataja masultani wake hadi Wareno walipouvamia tarehe 24 Julai 1505. Nakala ya asili haipo. Yaliyobaki ni matoleo matatu, katika Kiarabu, Kireno na Kiswahili, na kila moja lina yake. Kuyalinganisha, kuyapima kwa ushahidi wa nje na kuyalinda yasipotee kumewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja.

Matoleo

Toleo la Kiarabu huitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Mtunzi hakujitaja jina, ila anaeleza kuwa alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Anaahidi sura kumi. Nakala iliyopo inakatika kwenye ya saba. Nakala hiyo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Unguja, alimpa John Kirk, konseli wa Uingereza, na kutoka kwake ikaingia katika makumbusho ya London. Leo imo katika Maktaba ya Uingereza kwa namba Or. 2666. S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Kati ya kalamu ya mtunzi na kalamu ya mnakili wa Unguja ipo miaka zaidi ya 300, muda wa kutosha kwa jina kurukwa na mstari kurudiwa.

Toleo la Kireno limo ndani ya Décadas da Ásia ya João de Barros, iliyotoka Lisbon mwaka 1552. Barros hakuwahi kufika Kilwa. Alikuwa ofisa wa mamlaka ya biashara ya Mashariki, na anasema alitegemea historia iliyoandikwa ya wafalme wa mji huo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtunzi wa Kitab al-Sulwa alikuwa mtoto wa miaka sita kamanda wa Wareno, Francisco de Almeida, alipouteka mji. Kama maandishi aliyoyatumia Barros yalitoka Kilwa katika uvamizi ule, basi yalikitangulia kitabu cha Kiarabu, na hayawezi kuwa tafsiri yake.

Toleo la Kiswahili lilikuwa midomoni mwa wazee wa Kilwa, na Mjerumani Carl Velten alilichapisha mwaka 1907. Halina miaka na orodha yake ya watawala ni fupi. Kwa sababu hiyo wasomi wengi walilipita harakaharaka, na hapo walikosea.

Yanapoachana

Mfano ulio wazi ni kisa cha mwanzo wa mji. Kitab al-Sulwa kinasema sultani wa Shirazi na wanawe sita waliondoka kwa majahazi saba, kila jahazi likashukia mahali pake, na la sita likatia nanga Kilwa. Barros hana majahazi saba. Kwake yupo Ali peke yake, mtoto wa Sultani Husein, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaondoka Hormuz na watu wake kwa vyombo viwili. Kitabu cha Kiarabu kinauweka ujio huo katikati ya karne ya tatu ya Hijria. Barros anauweka karibu na mwaka 400 wa Hijria. Tofauti yao ni kama miaka 150.

Matoleo yote matatu yanasimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, au kwamba mwenyeji aliridhishwa kwa bidhaa, kisha akahamia bara. Yanapofika kwenye maji, njia zinaachana tena. Zamani mtu aliweza kuvuka mkono wa bahari kati ya kisiwa na bara kwa miguu maji yakipwa. Kitabu cha Kiarabu kinasema Ali aliuchimba ili mfalme wa bara asirudi kuwashambulia. Wazee wa Kilwa wanasema ilisomwa Kurani na kutolewa sadaka, bahari ikajaa, na mzee Mrimba, mwenyeji aliyekitoa kisiwa, akashindwa kurejea. Pia wazee wanalo jambo ambalo kitabu kinalipita: mgeni alimwoa binti wa Mrimba kwanza, na mazungumzo ya kununua kisiwa yakapitia kwa mkewe.

Kitabu cha Kiarabu nacho kina sentensi chache ambazo wasomaji wa enzi ya ukoloni hawakutaka kuziona. Kinasema majahazi yalipofika, kisiwani palikuwa na Mwislamu aliyeitwa Muriri wa Bari pamoja na watoto wake, na palikuwa na msikiti. Kwa maana hiyo, Uislamu ulitangulia ujio wa Washirazi hata kwa ushahidi wa kitabu kilichoandikwa kuwasifu.

Kupimwa kwa sarafu

Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa kwa maelfu. Hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye vina na jina hilo. Uzuri wake ni kwamba hazikunakiliwa na mtu yeyote baadaye. Zilivyotoka kwa mfua sarafu ndivyo zilivyo.

Kipimo kilichofaulu kuliko vyote kinamhusu al-Hasan bin Sulaiman. Kitab al-Sulwa kinampa lakabu ya Abu al-Mawahib. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani mwenye jina na lakabu hiyo, akaeleza kuwa aliitwa hivyo kwa ukarimu wake. Sarafu zake zipo, na moja imepatikana mbali kabisa bara, katika magofu ya Great Zimbabwe, huko ilikotoka dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Mashahidi watatu wasiotegemeana wamesema neno moja, na hapo mtu anaweza kuandika bila wasiwasi.

Kwa mwanzilishi mambo ni magumu zaidi. Kitabu kinamwita Ali bin al-Husayn. Sarafu zinasema Ali bin al-Hasan. Katika hati ya Kiarabu majina hayo yanatenganishwa na herufi moja, yaa, ambayo mnakili aliyechoka anaweza kuiongeza au kuiacha. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake kwa mijalada miwili mwaka 1974, alimchukua kuwa mtu mmoja, akamweka karibu na mwaka 1200. Makadirio hayo yalishika hadi mwaka 1984, ilipofukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za Kifatimi ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066 hivi. Ali akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Kwa kipimo hiki Barros, aliyekuwa mbali na Kilwa, yuko karibu na ukweli kuliko kitabu cha Kiarabu.

Majengo na mifupa

Kitab al-Sulwa kinasimulia kuwa Msikiti Mkuu uliporomoka, watu wakasali chini ya vivuli vya muda hadi ulipojengwa upya katika utawala wa Sulaiman bin Muhammad, karne ya 15. Ufukuaji umeonyesha kweli kwamba sehemu kubwa ya msikiti ilijengwa upya katika karne hiyo, na ndiyo yenye nguzo za pembe nane na kuba anazoziona mgeni leo.

Kipimo kipya zaidi kilitangazwa Machi 2023 katika jarida la Nature. Wataalamu walichunguza vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Walikuta mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000: upande wa akina mama asili ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, upande wa akina baba asili ya Uajemi kwa wengi wao. Haya yanakubaliana na wazee wa Kilwa, waliokishika kisa cha ndoa ya binti wa Mrimba bila karatasi.

Madhara ya kushika toleo moja

Kwa muda mrefu toleo la Kiarabu lilisomwa kama hati ya kisheria. Kutoka humo ikatolewa hoja kwamba mji wa mawe uliletwa na wageni na wenyeji walikuwa watazamaji. Ufukuaji unakataa: watu waliishi Kilwa tangu karibu karne ya 9, wakitumia vyungu vya aina ile ile ya pwani nzima, kabla ya ukoo wowote wa Shirazi kujulikana. Elias Saad, katika uchunguzi wake wa mwaka 1979, alionyesha kuwa orodha za masultani zilibeba pia madai ya koo zilizogombea utawala. Anayesoma toleo moja anasikia upande mmoja wa kesi.

Ulinzi

Watengenezaji wa programu za kompyuta wanalifahamu vizuri tatizo la matoleo kupishana. Linus Torvalds alitengeneza Git, programu ya kutunza matoleo, mwaka 2005 ili kila badiliko lihifadhiwe pamoja na jina la aliyelifanya na wakati wake, na kila toleo lipewe alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo na alama ya toleo lililotangulia. Ukigusa la zamani, alama zote za mbele zinabadilika. Hata ulinzi huo ulihitaji kujaribiwa: Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na kampuni ya Google walitoa mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1, kanuni ambayo Git iliitegemea. Mwaka huo huo Git ikawekewa kinga ya kutambua ulaghai wa namna hiyo.

Habari za Kilwa hazikuwa na mlinzi wa aina hiyo. Magofu yenyewe yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Yaliingizwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Karatasi zinahitaji juhudi ya namna hiyo. Mwenye kitabu cha hati za Kiarabu nyumbani, awe Kilwa Kivinje, Lindi au Mikindani, asikitupe wala asikiuze kwa mpita njia. Azipige picha kurasa zote, jalada na pembezoni zikiwemo, aandike nani alikinakili na kilitoka kwa nani, kisha apeleke nakala Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hati za Kiswahili na Kiarabu zimekuwa zikikusanywa tangu miaka ya 1960.