Fungu la Kolwezi: Jinsi Mapato ya Shaba Yalivyogawanywa

Kila siku malori yaliyosheheni shaba na kobalti huondoka Kolwezi kuelekea Kasumbalesa, na vijana walio kando ya barabara huuliza swali lile lile: fedha zake huenda wapi? Wengi hujibu kwa uvumi. Lakini swali hilo lina historia iliyoandikwa katika sheria na mikataba, na afadhali vijana wa Lualaba waijue hiyo kuliko uvumi.

Katika mwaka 1900 iliundwa Halmashauri Maalum ya Katanga, ambamo dola ya Mfalme Leopold ilishika theluthi mbili za faida na kampuni binafsi ikashika theluthi moja. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Tangu mwanzo, basi, fungu lilikwisha kupimwa, na waliogawana walikuwa wawili tu. Wenye kijiji palipochimbwa hawakutajwa hata kama wadai.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ubelgiji ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kuendeleza Kongo, 1949 hadi 1959. Zilijengwa barabara, shule na hospitali. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mikopo iliyopaswa kulipwa na hazina ya Kongo yenyewe. Katika miaka hiyo hiyo mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yaliinuliwa juu ya mto Lualaba, kwanza kabisa kwa ajili ya migodi.

Mwaka 1957, nchi sita za Ulaya zilipotia sahihi Mkataba wa Roma, zilianzisha mfuko wa maendeleo kwa makoloni yao. Jumla ilikuwa vipimo vya fedha milioni 581.25, kila kipimo kikiwa sawa na dola moja. Makoloni ya Ufaransa yalitengewa 511.25. Kongo pamoja na Ruanda-Urundi yalitengewa 30. Ubelgiji ilichangia 70. Hesabu hizo hazikupangwa na wizani wa mahitaji. Zilitokana na majadiliano, na Ufaransa ilikuwa imeweka makoloni yake kuwa sharti la kuingia katika Soko la Pamoja. Mkongomani hakuwa na kiti mezani.

Hapa nawaombeni mtazame jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linafundisha kuliko yote. Wazungu hao hao walikuwa wamekwisha kujiwekea utaratibu tofauti kwao wenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1951 wa Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, kila tani iliyozalishwa ilitozwa kodi ndogo, na sehemu ya fedha hizo iliwasaidia wachimbaji waliopoteza kazi wajifunze kazi nyingine. Migodi dhaifu ya Ubelgiji ilifidiwa kwa tozo la makaa ya Ujerumani na Uholanzi. Walijua, basi, kwamba mgodi hufa, na kwamba eneo la mgodi hulipwa kabla haujafa.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Union Minière ikailipa kodi serikali yake badala ya Kinshasa, iliyoitwa wakati ule Léopoldville. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, lakini hofu ilibaki: kila aliyetaka fungu kubwa la jimbo alishukiwa kuwa mtaka kuigawa nchi. Mwaka 1967 kampuni ikawa ya taifa, ndiyo Gécamines ya baadaye, nayo ikawa kama mzazi wa wafanyakazi wake kwa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Hakuna aliyeona haja ya kudai bajeti ya mji. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na uzalishaji uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka ukaanguka vibaya. Mzazi alipofilisika, mji haukuwa na mfuko wake.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kuponya jeraha hilo. Ibara ya 175 yatoa asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, zikatwe pale pale zinapokusanywa. Haikutekelezwa hivyo: fedha zimekwenda kwanza Kinshasa, kisha zikarudi kidogo na kwa kuchelewa. Tumelizoea neno retrosesioni katika redio, bila kulitafakari. Maana yake ni kurudisha, na mtu hurudishiwa kilicho chake.

Mrabaha wa madini ulipatwa na hali hiyo hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 iliigawia serikali kuu asilimia 60, jimbo 25, na mji au wilaya ya mgodi 15, lakini zote zilipitia hazina kuu. Sheria mpya ilipokuwa mezani, wakuu wa kampuni kubwa, Glencore miongoni mwao, walikuja Kinshasa Machi 2018 kumsihi Rais Joseph Kabila. Walizungumza naye kwa saa nyingi. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Machi, akaitia sahihi.

Sasa serikali kuu hupata 50, jimbo 25, komini, sekta au usultani wenye mgodi 15, na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Kila fungu hulipwa moja kwa moja kwa mwenyewe. Chukueni mfano: shaba ya dola milioni 100, kwa kiwango cha asilimia 3.5, huzaa mrabaha wa milioni 3.5, komini hupata 525,000. Tena kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi, na ahadi zake huandikwa katika hati iliyojadiliwa na jamii hizo. Nafasi ya kujadiliana iko hapo.

Lualaba ilikuwa imezaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Komini zake zikaanza kupokea fedha ambazo hazikupata kuziona, zikiongozwa na mabugumesta walioteuliwa. Kwa sheria ya mwaka 2008, bajeti ya komini hupitishwa na baraza la madiwani waliochaguliwa, nalo ndilo linalomwuliza bugumesta hesabu. Baraza hilo halikuwapo. Uchaguzi wa kwanza wa madiwani, tena katika baadhi tu ya komini za nchi, ulifanyika Desemba 2023, miaka mitano na zaidi baada ya fedha kuanza kuingia.