Sindano na Kalamu: Mafunzo ya Ushoni katika Unguja

Kanzu huonekana kuwa kitu kimoja cheupe kinachoteremka kutoka shingoni hata miguuni, na mgeni asiyejua atadhani ni mfuko tu uliotobolewa mahali pa kichwa na pa mikono. Aliyefundishwa kuishona huijua kwa vipande vyake. Badani ndicho kipande kikubwa, cha mbele na cha nyuma. Taharizi hutiwa ubavuni ili vazi lipanuke kwa chini na mtu apate kupiga hatua. Kikwapa ni kipande kidogo mno cha chini ya bega, nacho humpa mvaaji nafasi ya kunyanyua mkono bila ya kupasua mshono. Kaba huzunguka shingo kwa ndani. Lisani, ambayo kwa Kiarabu ni ulimi, hukaa chini ya mpasuo wa kifua. Sijafu ni upindo wa mwisho wa mkono. Ikiwa ni kanzu ya mtu anayejipenda, shingo yake hutiwa nakshi ya hariri, na shada hulewalewa kifuani.

Majina hayo ndiyo yaliyokuwa kitabu cha mwanafunzi wa ushoni. Hapakuwa na karatasi iliyochorwa mistari ya kukatia, wala ubao wa kuandikia masomo. Aliyekwisha kujua jina la kila kipande na mahali pake alikuwa amekwisha kuijua kanzu yenyewe, kwani jina lilimwambia kazi. Makala haya yana shabaha moja: kuonyesha ya kuwa sindano katika Unguja ilikuwa ni elimu kamili kabla ya kuja skuli, na ya kuwa elimu hiyo, ambayo wengi wameihesabu kuwa ni mchezo wa kupitishia wakati, ndiyo iliyomsaidia mtoto wa kike kuifikia kalamu.

Tuanze na vyombo, kwani ni vichache. Sindano, uzi, mkasi, na kastabini ya kukinga kidole. Hivyo vyote vyaingia katika kijaluba kimoja. Kipimo alikuwa nacho fundi mwilini mwake. Shibiri ni upana wa vidole vilivyonyooshwa, kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni mkono mmoja, kutoka kiwikoni mpaka ncha za vidole. Mikono miwili ni wari. Wari mbili ni pima, yaani urefu wa mikono yote miwili ikinyooshwa. Mwenye kununua nguo alijua vyema faida ya kumchagua muuzaji mwenye mikono mirefu.

Ukiyatazama maneno yenyewe utaona jambo la kufikirisha. Sindano, uzi, kushona, kufuma na kusuka ni maneno ya Kibantu. Bafta ni neno la Kiajemi, na maana yake ni kitu kilichofumwa. Melimeli, ile nguo nyembamba, imetoka Bara Hindi. Leso ni ya Wareno. Merikani imebeba jina la nchi ilikotoka. Cherehani nayo ni ndugu wa cherehe ya kunolea visu, na wote wawili asili yao ni neno la Kiajemi la gurudumu. Kwa ufupi, mkono ulikuwa wa hapa, na nguo ilikuja kwa bahari.

Wala haikuwa hivyo siku zote. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigurudumu vya kusokotea nyuzi vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu, navyo ni ushahidi kwamba pamba ilisokotwa pwani hii tangu zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisema kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa mpaka Misri. Mreno Duarte Barbosa, katika karne ya 16, aliwaeleza wafumaji wa Sofala waliozifumua nguo za buluu za Cambay, kisha wakazichanganya nyuzi zake na nyuzi zao nyeupe na kufuma upya. Kuhusu Unguja, Pemba na Mafia aliandika kwamba wanawake wake walivaa hariri na pamba. Katika karne ya 19 biashara ya nguo za viwandani iliizidi nguvu kazi ya kitanda cha mfumi. Seyyid Said alitia sahihi mkataba na Marekani mwaka 1833, na merikani ikaja kwa majora. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 mpaka 1865, vikaikatiza, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Kitanda cha mfumi hakikurudi. Ustadi wote ukahamia katika sindano.

Na hapana mahali ulipoonekana ustadi huo kama katika kofia. Nitaieleza kazi hii kwa kirefu, kwa sababu wengi huivaa na wachache huitazama.

Kofia ya mkono ina sehemu mbili: duara la juu, na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila sehemu ni nguo mbili zilizolazwa pamoja, aghalabu bafta. Kwanza huchorwa nakshi kwa kalamu ya risasi, nayo ni lazima ihesabiwe, kwa kuwa ua linalorudiwa katika ukanda halina budi kukutana na mwanzo wake bila ya kupungua wala kuzidi. Asiyejua kuligawa duara sawasawa hawezi kuchora kofia. Na mwenye kuligawa hulifanya kwa kukunja nguo, nusu, kisha robo, kisha thumuni. Hiyo ni hesabu, hata kama mwenyewe hakupata kuiita kwa jina hilo. Baada ya kuchora huja kushona mistari. Kati ya nguo mbili hupitishwa nyuzi za kujazia ili mistari iinuke, na vidole viweze kuisoma nakshi hata gizani. Kisha hutobolewa matundu madogo, na kila tundu huzungushiwa uzi pande zote, mshono kwa mshono, lisije likafumuka. Matundu hayo ndiyo yanayopitisha hewa kichwani, na ndiyo yanayoonyesha kazi ya fundi: yakiwa sawa yote, mkono ulikuwa umetulia; yakitofautiana, utajua palipochokewa. Kofia moja ya namna hii huchukua majuma mengi, na nyingine miezi, kwa kuwa hushonwa baina ya kazi nyingine za nyumba. Zile nyeupe zilizodariziwa kwa uzi huitwa bulibuli.

Ikisha kushonwa hufuliwa, hutiwa wanga, na kuvishwa faruma, yaani gogo la mti lililochongwa kwa mfano wa kichwa, ili ikauke katika umbo lake na isiruke. Katika nyumba yenye kijana wa makamo faruma haikosekani, nami naithubutisha kuiita chombo cha mwisho cha mshonaji ijapokuwa yeye mwenyewe huenda asiiguse.

Thamani ya kofia haikuwa ya uzi peke yake. Katika karne ya 19 kufunika kichwa na kuvaa viatu yalikuwa mambo ya waungwana, na mtumwa hakuwa na ruhusa nayo mbele ya bwana wake. Amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897. Watu waliotoka utumwani wakajivika kofia na kanzu, na wake zao wakaacha kaniki wakavaa kanga. Basi mikono iliyokaa kuzungushia uzi matundu ilikuwa ikishona jambo ambalo kila mpita njia alilielewa.

Sasa tufike kwenye kalamu. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo ameeleza namna mabibi wa jumba la Sultani walivyopitisha saa zao kwa kushona na kudarizi. Ameeleza pia kwamba watoto wa kike walifundishwa kuisoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, na kwamba yeye alijifundisha kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mambo hayo mawili yawekwe pamoja. Mkono uleule ulioaminiwa kufuata nakshi nyembamba kuliko herufi yoyote haukuaminiwa kushika kalamu. Sababu iliyotajwa katika pwani yote ilikuwa moja: binti akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Sindano haikuogopwa na mtu.

Mbweni, kusini ya mji, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wamisionari wa UMCA walilipata shamba lile mwaka 1871, wakafungua skuli ya St Mary kwa wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaiongoza kwa miaka mingi, na alifariki Unguja mwaka 1926. Pale kalamu na sindano zilitolewa pamoja, lakini zikapangwa daraja: wasichana walioonekana hodari wa vitabu walielekezwa kwenye ualimu, na wale ambao hawakuonekana hivyo wakawekwa katika upande wa kazi za mikono, wakashona, wakafua, wakasuka mikeka. Nionavyo mimi, hapo ndipo tulipoipata dhana kwamba ushoni ni kimbilio la aliyeshindwa na masomo. Dhana hiyo haikuwamo katika fikira za mji. Fundi wa kofia hakuwa mtu aliyeshindwa na kitu.

Idara ya Elimu ya Serikali ilianza mwaka 1907, na ikapita miaka 20 kabla ya kufunguliwa skuli ya kwanza ya Serikali kwa wasichana, mwaka 1927, katika enzi ya Seyyid Khalifa bin Harub. Wazazi wengi walisita. Kilichowapunguzia wasiwasi ni kuona kwamba pamoja na kusoma na hesabu palikuwa na Kurani, mapishi na kazi za sindano, mambo ambayo binti angefundishwa vilevile kwao. Wenye kuandika juu ya masomo hayo siku hizi huyalaumu, wakisema yalimfunga mwanamke jikoni. Lawama hiyo ina ukweli wake, kwani ratiba ya skuli iliyofundisha sana kuendesha nyumba ilikuwa ni ratiba ya watu waliokwisha kuamua binti atakuwa nani. Lakini hainitoshi. Baba ambaye asingekubali kabisa kumpeleka mwanawe akafundishwe kuandika barua, alikubali kumpeleka akafundishwe kushona; na binti aliporudi nyumbani jioni alirudi na vyote viwili. Kutoka katika madarasa hayo walipatikana walimu wanawake wa Unguja, ambao nao walifungua njia kwa walio nyuma yao.

Skuli ilileta pia vyombo vipya: cherehani, utepe wa kupimia, na karatasi ya kukatia. Hapo mafunzo yaligeuka tabia yake. Katika njia ya zamani mwanafunzi alianza na kupiga bandi na kupinda pindo, na mkasi ulikuwa wa mwisho, kwa sababu kosa la sindano hufumuliwa na kosa la mkasi halifumuliki. Karatasi iliondoa khofu hiyo, kwani ni rahisi kuliko nguo, na mwanafunzi wa juma la kwanza huweza kuikata apendavyo. Hiyo ni faida kubwa. Hasara yake ni kwamba kipande cha karatasi huandikwa namba, na namba haisemi kazi yake kama lisemavyo neno kikwapa.

Kanga yenyewe haina mengi ya kushonwa, lakini haiwezi kuachwa. Ilianza katika karne ya 19 wanawake wa pwani walipozinunua leso zikiwa hazijakatwa, wakashona tatu juu na tatu chini zikawa vazi moja. Baadaye wenye viwanda wakaichapa nguo nzima, yenye pindo na mji. Mapema katika karne ya 20 yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kizungu. Wanawake wale walionyimwa kuandika barua wakawa wanapeleka ujumbe kwa kuchagua nguo ya kuvaa, na hakuna mzazi aliyeweza kuuzuia.

Hivi leo kofia zinazodariziwa kwa mashine huuzwa Darajani kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuifikia. Wanafunzi wa vituo vya mafunzo ya amali hufundishwa cherehani, na ni haki, kwa kuwa ndiyo itakayowalisha. Kofia ya mkono imebaki kwa wenye kuiagiza, kwa bwana harusi, na kwa wazee wasioivaa nyingine.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili ipo kazi iliyo wazi mbele yao. Kamusi zimehifadhi badani na lisani, lakini majina ya nakshi za kofia, ya namna za mishono, na ya hatua za kujaza nyuzi yamo zaidi katika vinywa vya washonaji wa Ng'ambo na mashamba kuliko katika vitabu. Mchoro wa risasi huondoka kofia inapofuliwa mara ya kwanza, na washonaji wengi hawana nakala yake ila vichwani mwao. Mwanafunzi mmoja, kwa likizo moja, akiwa na daftari, karatasi nyembamba ya kunakilia, na adabu ya kukaa mkekani na kungoja mpaka mwenye kazi amalize tundu alilolianza, angeweza kurudi na maneno ambayo hayajaandikwa.