Picha Zenye Saini za Majenerali wa Marekani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, picha ndogo ya kubandikwa kwenye kadi ilikuwa imekwishashika soko. Disdéri, mpigapicha wa Paris, aliipatia hataza mwaka 1854. Kioo kimoja kilinasa sura kadhaa, zikachapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, kisha zikakatwa na kugundishwa kwenye kadi zisizozidi kiganja cha mkono. Huko New York, kampuni ya Anthony ilichapa na kuuza picha za majenerali zilizopigwa katika studio za Mathew Brady, na familia nyingi zikaziweka albamuni pamoja na za ndugu zao.

Picha peke yake ilinunuliwa dukani. Saini ilibidi kuombwa. Nyingine zilipatikana kwenye maonyesho ya kuchangia majeruhi, ambako saini za wakubwa ziliuzwa.

Wingi wa picha zenye saini leo hautegemei sana ushujaa wa jenerali. Unategemea zaidi umri aliojaliwa. Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alijisalimisha Aprili 1865, akaongoza chuo mjini Lexington, Virginia, hadi alipofariki mwaka 1870, na katika miaka hiyo alitia saini picha nyingi za waliomhusudu. Stonewall Jackson, naye jenerali wa Kusini, alifariki Mei 1863, baada ya kupigwa risasi gizani na askari wake mwenyewe kwa makosa. Picha yenye saini yake ni adimu mno, na kilicho adimu huwavuta waghushi. Robert Spring wa Philadelphia alighushi nyaraka za Jackson, akawaandikia wanunuzi wa Uingereza akijifanya binti wa marehemu aliyelazimishwa na dhiki kuuza urithi.

Mnunuzi makini huanza na mgongo wa kadi. Kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 serikali ilitoza kodi ya picha: mpigapicha alibandika stempu nyuma, akaibatilisha kwa kalamu, mara nyingi kwa herufi za jina lake na tarehe. Kadi yenye stempu hiyo haiwezi kuwa imesainiwa na Jackson, aliyekuwa kaburini zaidi ya mwaka. Kukosekana kwa stempu, hata hivyo, hakuthibitishi lolote: picha za Kusini hazikutozwa kodi hiyo vita vikiendelea. Hapo hubaki kuchunguza wino wenyewe, ambao kwa miaka hugeuka hudhurungi, na kuhakikisha kwamba saini haikukatwa kwenye barua na kubandikwa chini ya picha.