Sura ya Bafwasende Ughaibuni: Dola na Utangazaji wa Sanaa za Kongo

Dola inapopeleka sanaa za taifa katika nchi za nje, haipeleki vinyago na ngoma tu. Hupeleka pia maelezo juu ya watu waliovitengeneza. Kwa hiyo mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani aliyechagua na kwa maslahi ya nani. Teritori ya Bafwasende, katika msitu unaopitiwa na mto Lindi mashariki ya Kisangani, ni mfano dhahiri, kwani sura yake ilitangazwa Ulaya pasipo wenyeji kuulizwa neno.

Utangazaji huo ulianzishwa na ukoloni. Mwaka 1897, Mfalme Leopold II aliandaa maonyesho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Wakongo 267 walipelekwa kutazamwa, na 7 kati yao wakafa huko. Maonyesho hayo yalizaa makumbusho ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1913, kwa agizo la Wizara ya Makoloni, Paul Wissaert aliyatengenezea sanamu ya mtu-chui: mtu aliyejifunika vazi la madoa, mwenye makucha ya chuma, akimnyemelea mwenzake aliyelala. Sanamu hiyo ilitokana na habari za Anioto, kundi la siri lililohusishwa hasa na Wababali wa pande za Bafwasende.

Mauaji ya Anioto yalikuwa ya kweli, na waliouawa walikuwa Wakongo. Hata hivyo, watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba yalifungamana na ugomvi wa madaraka, ambao utawala wa kikoloni wenyewe uliuchochea kwa kuwapandisha na kuwashusha machifu. Sanamu haikueleza hayo. Ilionyesha ukatili usio na sababu, na hivyo ikahalalisha kazi ya wizara iliyoiagiza. Hergé naye aliiga sura hiyo katika kisa cha Tintin nchini Kongo, kilichotolewa kitabu mwaka 1931, ikaenea mbali zaidi.

Kilichofunikwa na sanamu ile ni utamaduni wenyewe. Mambela, ibada ya Wababali ya kuwaingiza vijana katika utu uzima, ilikuwa chuo cha heshima na kiungo cha koo. Maofisa wa kikoloni waliishuku kuwa kiota cha Anioto, na Mzungu aliyezuru Tervuren alimjua muuaji bila kumjua mwalimu.

Baada ya uhuru, dola ya Zaire ilijaribu kuichukua kazi hiyo mikononi mwake. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa iliundwa mwaka 1970. Tarehe 4 Oktoba 1973, Mobutu aliudai Umoja wa Mataifa urejeshaji wa kazi za sanaa, na tarehe 18 Desemba mwaka huo Baraza Kuu lilipitisha azimio 3187. Mwaka 1975, kazi 100 za mkusanyo wa taifa zilionyeshwa New York. Na kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114. Lakini siasa ya uhalisi ililenga pia kumtukuza kiongozi, na mikusanyo haikulindwa vya kutosha: baadhi ya vitu viliibwa Kinshasa katika machafuko ya miaka ya 1990.

Mambo yameendelea. Makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini, na rumba iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili. Mchoraji Chéri Samba alikuwa ameshatangulia: katika picha yake ya mwaka 2002, Wakongo wanaivuta kwa kamba sanamu ya mtu-chui ili kuitoa nje ya makumbusho. Yalipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu hiyo iliwekwa kando, pamoja na nyingine zisizofaa tena kuonyeshwa kama ukweli.

Kuiondoa sanamu, hata hivyo, si kuijaza nafasi yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Msaada wa dola kwa sanaa ughaibuni utakuwa na maana kwa Bafwasende pale utakapoanzia Bafwasende: wazee wasikilizwe, masimulizi ya Mambela yaandikwe kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, na wenyewe wachague sura watakayoipeleka duniani.