Alidaka, Lakini Pasi Haikutimia

Katika mpira wa Kimarekani, neno fupi la Kiingereza "catch" limezua ugomvi ambao maneno marefu ya kisheria hayajauzua. Ukitakiwa kulitia katika Kiswahili utajibu bila kusita kwamba ni kudaka. Kipa hudaka mpira wa kona, mtoto hudaka embe analorushiwa na mwenzake aliye juu ya mti, na hakuna anayehitaji kueleweshwa. Hata hivyo, mechi kadhaa za ligi ya NFL, zikiwemo za mtoano ambako aliyefungwa hana marudiano, zimeamuliwa kwa swali la kama mchezaji aliyeonekana na ulimwengu mzima akiwa na mpira mikononi alikuwa ameudaka kweli. Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo haikusababishwa na waamuzi wasioona. Ilisababishwa na kitabu cha kanuni kulitwika neno la kila siku kazi mbili kwa wakati mmoja. Kiswahili, ambacho bado hakijajifunga kwa istilahi yoyote katika mchezo huu, kina nafasi ya kuzitenganisha kazi hizo: kudaka kubaki kuwa kitendo cha mikono, na uamuzi wa refa uitwe pasi timilifu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa tarehe 11 Januari 2015, katika uwanja wa Lambeau Field mjini Green Bay. Dallas Cowboys walikuwa nyuma kwa alama 21 dhidi ya 26 za Green Bay Packers, na zilikuwa zimebaki chini ya dakika 5. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na Dallas walikuwa kwenye jaribio la nne, wakihitaji yadi 2 tu ili waendelee. Tony Romo, mrushaji wao, hakuhangaika na hizo yadi 2. Aliurusha mpira mbali, kwa Dez Bryant aliyekuwa akikabwa na beki Sam Shields. Bryant aliruka juu kumpita beki, akaunyaka mpira hewani, akatua na kupiga hatua huku mwili ukimlemea kwenda chini, akauhamishia mpira mkono wa kushoto na kuunyoosha kuelekea mstari wa kufungia. Alipoanguka mpira uligonga ardhi, ukamponyoka na kuruka juu, naye akaushika tena. Waamuzi wa uwanjani walisema ameudaka, mpira uwekwe karibu kabisa na mstari. Kocha wa Green Bay, Mike McCarthy, akatupa kitambaa chekundu kudai video itazamwe upya. Mwamuzi mkuu Gene Steratore alipomaliza kuitazama alitengua uamuzi: pasi haikukamilika, mpira kwa Green Bay. Packers waliumaliza muda uliosalia wakiwa na mpira wao, na msimu wa Dallas ukaishia hapo.

Kanuni ya msimu huo ilisema kwamba mchezaji anayeanguka wakati anadaka ni lazima aendelee kuudhibiti mpira mpaka kuanguka kwake kumalizike. Ukiusoma mstari huo na kuitazama picha, Steratore hakukosea. Dean Blandino, aliyekuwa akisimamia waamuzi wa ligi wakati huo, alitetea uamuzi huo kwa hoja hiyohiyo. Mashabiki wa Dallas nao hawakukosea waliposema Bryant aliudaka mpira, maana mikono ilikutana na mpira juu hewani, ikaukamata, miguu ikakanyaga ndani ya uwanja. Kambi zote mbili ziliitazama video ileile, na kila moja ilikuwa sahihi kwa maana yake ya neno. Moja ilizungumzia tendo, nyingine hukumu. Kiingereza kiliwapa neno moja la kuvutana, na hata marudio ya video, yaliyoletwa kumaliza ubishi, hayakuweza kuumaliza, kwa sababu kamera huonyesha lililotokea na haiwezi kuonyesha lililotokea linaitwaje.

Tofauti kati ya ugomvi wa neno na kosa la jicho inaonekana vizuri ukiliweka tukio la Green Bay kando ya lile la New Orleans, tarehe 20 Januari 2019. Ilikuwa fainali ya kundi la NFC, New Orleans Saints na Los Angeles Rams wakiwa sare ya alama 20 kwa 20, zikisalia chini ya dakika 2. Drew Brees alimrushia Tommylee Lewis, na beki wa Rams, Nickell Robey-Coleman, akamgonga Lewis kabla mpira haujafika. Hakuna kitambaa cha faulo kilichorushwa. Rams walishinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza na kwenda Super Bowl, fainali ya ligi nzima. Hapo hapakuwa na mjadala wa istilahi hata kidogo. Beki mwenyewe alikiri kwamba aliwahi, na kamishna wa ligi, Roger Goodell, alikubali hadharani kwamba faulo ilistahili kutolewa. Kosa lilikuwa la jicho, na dawa ya kosa la jicho ni jicho la pili. Ndiyo maana msimu uliofuata ligi iliruhusu faulo ya aina hiyo itazamwe kwenye video, ingawa jaribio hilo lilidumu msimu mmoja tu. Mashabiki wanaoyatia matukio haya mawili kwenye kapu moja la "waamuzi walituonea" wanakosa jambo kubwa, kwa kuwa la New Orleans lingeondolewa na refa makini zaidi, ilhali la Green Bay lingebaki palepale hata kwa refa asiyekosea kamwe.

Na la Green Bay halikuwa la kwanza wala la mwisho. Mwezi Januari 2000, katika fainali ya NFC ambayo St. Louis Rams waliwashinda Tampa Bay Buccaneers 11 kwa 6, Bert Emanuel wa Tampa Bay aliushika mpira barabara kwa mikono miwili, lakini ncha ya mpira ikagusa ardhi alipoanguka, na uamuzi ukatenguliwa dakika za mwisho. Baada ya msimu huo ligi ikafafanua kwamba mpira kugusa ardhi si tatizo mradi mchezaji anaudhibiti. Tarehe 12 Septemba 2010, mjini Chicago, Calvin Johnson wa Detroit Lions alidaka ndani ya eneo la kufungia, akatua kwa miguu miwili, akaanguka, na alipokuwa akiinuka akauacha mpira chini. Alama zikakataliwa, Detroit wakafungwa 19 kwa 14. Tarehe 17 Desemba 2017, mjini Pittsburgh, Jesse James wa Steelers alidaka na kuupitisha mpira juu ya mstari zikiwa zimebaki sekunde 28, ila mpira ulitikisika ulipogusa ardhi. Alama zikafutwa, New England Patriots wakashinda 27 kwa 24. Mechi hizo mbili za mwisho zilikuwa za msimu wa kawaida, lakini kanuni iliyozihukumu ni ile iliyomhukumu Bryant kwenye mtoano.

Jinsi ligi ilivyojinasua ndiyo ushahidi wenye uzito kwangu. John Mara, mmoja wa wamiliki wa New York Giants na mjumbe wa kamati ya kanuni, alisema mapema mwaka 2018 kwamba wote kwenye kamati waliafikiana kuwa matukio kama ya Bryant na ya Johnson yanapaswa kuhesabiwa. Mwezi Machi mwaka huo wamiliki wa timu 32 walipiga kura, zote zikakubali, na sharti la kuudhibiti mpira hadi mwisho wa kuanguka likafutwa. Yakabaki masharti matatu: kuudhibiti mpira, kukanyaga ndani ya uwanja kwa miguu miwili au kugusa ardhi kwa sehemu nyingine ya mwili isiyo kiganja, na kufanya kitendo cha kimchezo, kama hatua ya tatu au kunyoosha mpira mbele, au kuwa na muda wa kutosha wa kukifanya. Kwa maneno mengine, ligi iliirudisha kanuni karibu na maana ambayo watu walikuwa nayo vichwani muda wote. Neno la mtaani lilikishinda kitabu, baada ya miaka mingi na mechi kadhaa zilizopotea.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Vitenzi vya tendo lenyewe tunavyo: kudaka na kunyaka kwa mpira ulio hewani, kukamata na kushika kwa ujumla wake. Tunacho pia kitu ambacho Kiingereza hakina kwa ufupi huo, yaani tofauti ya -li- na -me-. "Alidaka" ni taarifa ya tukio lililopita, basi, haidai lolote juu ya matokeo yake. "Amedaka" inadai kwamba tendo limetendeka na matokeo yake yapo: mpira uko mkononi sasa hivi. Mtoto akisema amedaka embe huku embe lipo chini kwenye mchanga, wenzake watamkatalia papo hapo, lakini hawatamkatalia akisema alilidaka likamponyoka. Walimu wetu wa sarufi huiita hali hiyo ya -me- kwa jina la hali timilifu. Utimilifu, basi, ni neno ambalo mwanafunzi wa sekondari tayari analijua kwa maana ileile ambayo kanuni ya NFL inaihitaji, kwamba tendo limefika mwisho wake na limeacha matokeo. Ndipo ninapolitoa pendekezo langu: pasi imetimia, au ni pasi timilifu; ikikataliwa, pasi haikutimia. Ni istilahi inayoielezea pasi, haimwelezei mchezaji, na kwa hiyo haibishani na macho ya mtazamaji. Anayesema "alidaka" na anayesema "pasi haikutimia" wanaweza kusimama pamoja bila mmoja kumwita mwenzake mwongo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiseme "pasi batili" kwa ile iliyokataliwa. Sababu ni kwamba batili hubeba harufu ya kuvunja sheria, na mchezaji aliyeangusha mpira hajavunja sheria yoyote. Jaribio limepotea tu, na mpira unarudishwa pale ulipoanzia. Mchezo huu unazo pasi haramu za kweli, kama ile inayorushwa mbele na mtu aliyekwisha kuuvuka mstari wa kuanzia, na hizo ndizo zitakazolihitaji neno batili. "Umiliki" nao, ambao watangazaji wa soka wameuzoea, ni mpana mno, kwa kuwa timu humiliki mpira hata mrushaji anapokuwa bado ameushika.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya lugha yetu ya michezo yenyewe. Kuotea, mtu atasema, ni neno la mwindaji anayemvizia mnyama. Soka ililichukua, na leo mshambuliaji aliyezidi kwa ncha ya kiatu kwenye mistari ya VAR anaitwa ameotea ingawa hakumvizia mtu. Kama kuotea kumekubalika, kwa nini kudaka kusikubalike kwa kazi zote mbili? Nalikubali nusu ya pingamizi hilo. Neno la kawaida linaweza kuwa istilahi nzuri sana. Lakini kuotea kulifaulu kwa sababu uwanjani hakuna mwindaji. Maana ya zamani na maana mpya hazikutani mbele ya mtazamaji. Kudaka ni kinyume chake. Katika pasi moja, ndani ya sekunde 2, kuna tendo la mikono na kuna uamuzi wa refa, na mtangazaji anapaswa kuvitaja vyote viwili kwa zamu. Akitumia neno moja atalazimika kusema mchezaji amedaka, kisha hakudaka, na msikilizaji wa redio hatajua kama mpira ulianguka au refa ndiye aliyeukataa.

Wengine watasema mjadala umepitwa na wakati kwa kuwa kanuni ilirekebishwa mwaka 2018. Haujapitwa. Kitendo cha kimchezo bado hupimwa kwa akili ya mwamuzi, na "muda wa kutosha" hauna saa inayoupima. Tena udhibiti wa mpira unaotikisika mkononi ni jambo ambalo watu wazima wenye nia njema wataendelea kutofautiana juu yake. Kanuni mpya ni bora, ila haijaifuta ile nafasi kati ya mkono na hukumu, imeipunguza tu.

Lipo pia lile la kusema kwamba mchezo huu si wetu, na istilahi zake tuwaachie wenyewe. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, aliichezea Indianapolis Colts mwaka 2013, na mwaka 2023 NFL ilifanya kambi yake ya Afrika jijini Nairobi kutafuta vipaji. Kijana anayefundishwa mchezo kwa Kiingereza na kuuhadithia nyumbani kwa Kiswahili anahitaji maneno yasiyomwangusha, na ni rahisi kuyachagua sasa, kabla mazoea hayajashika mizizi, kuliko kuyang'oa baadaye. Watangazaji na watafsiri wa habari za michezo wana uwezo wa kulianza hili kwa sentensi moja tu. Kwa kanuni ya siku ile, Dez Bryant alidaka, lakini pasi haikutimia. Kwa kanuni inayotumika tangu 2018, alidaka na pasi ilitimia.